Ng'ombe Sita wa Mwashi wa Reli

Nimekaa Chang'ombe ya Dodoma miaka mingi, na watu wa kila namna wamenikosea adabu mlangoni kwangu. Nimewajibu na maisha yakaendelea. Lakini hajawahi kuja mtu na faili mkononi, akakaa kwenye kiti changu, akanywa chai yangu yenye tangawizi, kisha akanisomea kwenye karatasi kwamba watu wa kwetu ni wezi. Wa kwanza alitoka Ujerumani. Aliyemwita ni mjukuu wangu mwenyewe.

Naandika mimi kwa mkono wangu. Niliishia darasa la nne, na mistari yangu hupanda juu kama mbuzi, lakini inasomeka. Majina sitaji. Wanaohusika wanajijua. Jina moja tu ndilo lilikuwa na maana katika mambo haya, na hilo nimehakikisha limeandikwa mahali pake.

Mjukuu wangu ni msichana mwenye akili na haraka. Amesomea uuguzi hapa Dodoma na jioni anajifunza Kijerumani, kwa sababu wamemwambia huko Ujerumani wauguzi wanahitajika. Sikumkataza. Lakini siku moja alirudi darasani macho yanamng'aa, akakaa kwenye mkeka nilipokuwa nachambua mchele.

"Bibi, shikamoo. Ni kweli mama yako alikuwa chotara?"

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Mama. Anasema baba yake alikuwa Mjerumani wa reli."

"Alikuwa mwashi. Alijenga madaraja."

"Sasa bibi, mbona hujawahi kusema? Hiyo ni asili! Watu wanatafuta asili zao mpaka kwenye makumbusho. Mwalimu wetu anasema vitabu vya makanisa vipo, orodha za meli zipo, kila kitu kiliandikwa."

"Kila kitu," nikasema. "Haya, endelea kuota. Na toa mguu wako kwenye mchele wangu."

Nilidhani yameisha. Kumbe yeye ndiyo kwanza ameanza.

Niseme ninachokijua mimi, kabla ya hizo karatasi. Mwashi huyo alikuja na reli wakati wa Wajerumani. Pale karibu na Bahi kuna korongo ambalo mvua ikinyesha hushuka na magogo, na juu yake alijenga kalavati, yaani daraja dogo la mawe la kupitishia maji. Alichonga herufi mbili za jina lake kwenye jiwe moja la pembeni. Kalavati lipo mpaka leo. Mama yangu alikuwa anaanika mlenda juu yake, kwa sababu mawe yale yanashika joto na mboga inakauka kwa siku moja. Hayo ndiyo matunzo aliyopata kutoka kwa baba yake: mawe ya kuanikia mboga.

Mwashi alimwona bibi yangu, akamtaka. Babu mzaa bibi, yaani baba yake bibi, hakuwa mtu wa kutishwa na bunduki. Akamwambia mzungu, ukimtaka binti yangu utoe mahari kama mtu. Na akatoa. Ng'ombe sita.

Kwetu sisi Wagogo mahari haitajwi kwa idadi tu. Idadi mtu yeyote anaweza kuitunga. Mahari inatajwa kwa rangi, kwa pembe, kwa sikio, na kwa mtu aliyempokea kila ng'ombe. Mtoto anayeulizwa "mama yako aliolewa?" anatakiwa ajibu kwa kuwataja hao ng'ombe bila kukwama. Mama yangu aliulizwa sana. Alikuwa mweupe na nywele zimelala, na watoto wenzake walimwita mtoto wa relini, mtoto wa kuokotwa kwenye mabehewa. Kwa hiyo alifundishwa wale ng'ombe mapema, naye akanifundisha mimi tukiwa tunasaga uwele kwenye jiwe. Nikikosea, ananirudisha mwanzo.

Jike mweusi mwenye paji jeupe, alichukua baba yake bibi. Jike mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda chini, alichukua mjomba wake bibi. Jike wa rangi ya majivu, alichukua kaka yake bibi. Jike wa madoadoa mwenye sikio lililochanika, alichukua baba mdogo. Mtamba mwekundu mwenye mkia mweupe, alikwenda kwa mama yake bibi, huyo ni wa maziwa aliyomnyonyesha bintiye. Na dume mweupe, huyo alichinjwa siku ile ile, wazee wakala, na bwana harusi akala.

Basi mama akazaliwa. Vita ikaja, Waingereza wakaja, mwashi akachukuliwa mateka na wenzake, hakurudi. Hakuandika. Bibi yangu alikuwa bado msichana. Wanaume walikuja kumtaka, na kila akija mmoja babu mzaa bibi alisema hivi: huyu ni mke wa mtu, ng'ombe wake tumewala, hawajarudishwa, sina ruhusa ya kumwoza mara ya pili. Na kweli hiyo ndiyo sheria. Mwanamke haachiki mpaka mahari irudi, na wa kuja kuidai hakuwepo. Bibi akakaa. Alizeeka kwenye tembe la kaka yake, analea mtoto mmoja, analima mpunga wa watu. Mimi nilimkuta. Alikuwa mkali, hacheki ovyo, na kila treni ikipita alikuwa anageuka kuangalia upande mwingine. Alikufa akiwa mke wa mtu.

Hayo ndiyo niliyoyajua. Sikuhitaji mengine.

Mjukuu wangu alianzia misheni, kwenye kitabu cha ubatizo. Akanionyesha picha kwenye simu: mstari wa mama yangu, aliyebatizwa akiwa mtu mzima. Jina la mama mzazi lipo, limekosewa kidogo. Kwenye nafasi ya baba kuna kistari. Kistari tu.

"Wameficha," akasema mjukuu.

"Hawakuficha. Walimuuliza bibi kama alifunga ndoa kanisani, akasema hapana, wakaona hana mume."

Kisha akaenda Bahi kimya kimya na bodaboda, akapiga picha zile herufi mbili kwenye jiwe. Akaziweka kwenye mtandao, kwenye kikundi cha watu wa huko wanaotafuta mababu waliohamia Afrika. Hakuniambia. Baada ya miezi kadhaa mwanamke mmoja akamjibu kwamba herufi hizo hizo zimechongwa kwenye sanduku la mbao lililopo darini kwao, sanduku la babu yake aliyekuwa mwashi wa reli Afrika. Wakaandikiana. Wakalinganisha jina la meli, mwaka, kazi, mahali. Nilikuja kuambiwa wakati mgeni ameshakata tiketi.

"Bibi, huyu ni ndugu yetu wa damu," mjukuu akaniambia. "Akituandika kwenye ukoo wao, itanisaidia hata mimi nikienda huko. Nitakuwa na mtu."

"Kwa hiyo unamfukua bibi yangu ili upate wa kukupokea uwanja wa ndege."

"Bibi, si hivyo!"

"Ni hivyo. Sema ni hivyo, nitakuelewa. Ukiniambia si hivyo nitakasirika."

Akainamia simu yake. Angalau hakudanganya.

Mgeni alikuja wakati wa kiangazi, upepo wa Dodoma unavuma vumbi mpaka kwenye meno. Mwanamke wa makamo, mrefu, viatu vya kupandia milima. Aliinama mlangoni akasema "Shikamoo," ameifanyia mazoezi, nikaitikia. Nilimtazama paji la uso. Lilikuwa la mama yangu. Hilo lilinikera zaidi ya kitu kingine, kuona paji la mama yangu kwa mtu nisiyemjua, limepakwa mafuta ya jua.

Alifungua faili juu ya meza. Alikuwa mtu wa utaratibu, kila karatasi ndani ya mfuko wake wa nailoni. Orodha ya meli. Kibali cha kazi. Kisha nakala ya kitabu cha ndoa cha kanisa la kwao, cha baada ya vita, alipooa mwanamke wa huko aliyemzaa baba yake huyu mgeni. Mjukuu alifuata kwa kidole, akitafsiri.

"Hapa jina. Hapa kazi, mwashi. Hapa wanauliza hali ya ndoa, na yeye amejibu..." Akasita. "Kapera."

"Nini?"

"Kapera, bibi. Kwamba hajawahi kuoa."

"Alisema hivyo mbele ya padre?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Nilimfikiria bibi yangu, mwaka huo huo labda, anamwambia mwanaume aliyemtaka kwamba haiwezekani, mimi ni mke wa mtu. Nikameza chai. Nikamwambia mjukuu aendelee.

Mgeni akatoa barua. Hii aliishika kwa mikono miwili, na uso wake ukalainika. Akaeleza kwamba hii ndiyo hazina ya familia yao. Babu yake aliwaandikia wazazi wake kabla vita haijafika huku. Wazazi walikuwa wamemtumia fedha za kuanzia maisha, anunue mifugo, awe mfugaji mkubwa. Na yeye akanunua ng'ombe kweli, akawaandikia wakoje. Mgeni akaanza kusoma, mjukuu akawa anamfuata nyuma.

"Nilikuwa na ng'ombe sita wazuri. Mmoja mweusi, mwenye alama nyeupe usoni. Mmoja mwekundu, pembe yake moja imeelekea chini. Mmoja wa rangi ya kijivu kama majivu..."

Nikasikia sauti yangu inasema: "Wa madoadoa, sikio limechanika. Mtamba mwekundu, mkia mweupe. Dume mweupe."

Mjukuu akanitazama. Mgeni akamtazama mjukuu, akauliza nimesema nini. Mjukuu akamwambia. Yule mwanamke akashusha kidole kwenye karatasi, mstari kwa mstari, na kila alipofika akasimama. Sikio lilikuwepo. Mkia ulikuwepo. Dume alikuwepo.

"Amejuaje?" alikuwa anauliza. "Hii barua haijawahi kutoka nyumbani kwetu. Amejuaje?"

"Mwambie amalizie," nikasema. "Hao ng'ombe walikwenda wapi?"

Mgeni akasoma kwa sauti ndogo. Mjukuu akasikiliza, akafunga mdomo, kisha akasema: "Walipotea, bibi."

Mimi nimelea watoto saba. Najua mtoto anapoficha kitu nyuma ya mgongo.

"Sema alivyosoma."

"Bibi..."

"Sema!"

"Waliibiwa. Anasema wenyeji walivunja zizi wakaiba wote sita, na ndiyo maana hana fedha tena, na anaomba wamsamehe."

Nje muuza mkaa alikuwa anapita anaita. Mgeni akaeleza kwamba kwao hadithi hiyo inajulikana. Watoto wote walihadithiwa. Babu alikwenda Afrika, akawa na ng'ombe sita wazuri, wezi wakamwibia, akarudi maskini akaanza upya. Walihadithiwa kitandani kabla ya kulala.

Niseme ukweli, niliinuka nimpige. Magoti yangu ndiyo yaliyomwokoa.

"Mwambie hivi," nikamwambia mjukuu, "na usipunguze hata neno moja. Babu yake alimwoa bibi yangu kwa ng'ombe hao. Aliwatoa kwa mkono wake, mchana, mbele ya watu. Huyo dume mweupe alimla yeye mwenyewe, na midomo yake ilipakaa mafuta. Halafu akaogopa kumwambia mama yake kwamba ameoa mtu mweusi, akatufanya wezi. Na muulize: kuna mtu alipelekwa bomani kwa wizi huo? Kuna mtu alichapwa viboko? Alishitaki au alidanganya kwenye barua tu?"

Mjukuu alitafsiri huku analia. Mgeni akajibu kwamba hajui. Hakuna karatasi inayosema.

Mpaka leo sijui. Babu mzaa bibi alikufa mimi sijazaliwa. Kama mgongo wake ulikuwa na makovu, waliouona wote wamekufa.

Kisha yule mwanamke akasema jambo ambalo nadhani alilisema kwa nia njema. Kwamba ukoo wao unachapisha kitabu, kitagawiwa kwa ndugu wote, na barua hii imo. Kwamba amezungumza na wenzake, wamekubali mama yangu aingie. Wataandika kwamba babu, akiwa Afrika, alizaa binti na mwanamke mwenyeji.

"Bibi, tumo," mjukuu akasema, anafuta macho. "Si haba. Tumo."

"Nani yumo? Mwanamke mwenyeji ni nani? Nenda hapo dukani kamuulize mwanamke mwenyeji yuko wapi, uone watakavyokujibu."

"Lakini hawana hati ya ndoa. Anasema hawezi kuandika mke bila hati, wenzake watakataa. Anasema anafuata kilichoandikwa."

"Haya," nikasema. "Kesho twende Bahi. Mwambie alete gari."

Zizi lililopo Bahi ni la mjomba wangu. Ni mtoto wa mwisho wa yule kaka yake bibi aliyempokea ng'ombe wa majivu. Kwa umri tunalingana, lakini kwa ukoo ni mjomba, na mimi humsalimia shikamoo mbele za watu. Yule jike wa majivu alizaa, na watoto wake wakazaa, na mjomba wangu anaujua uzao huo mama kwa mama mpaka leo. Daima kuna jike mmoja wa rangi hiyo zizini, hauzwi wala hachinjwi kwa sikukuu. Nilimpigia simu asubuhi. Nikamwambia aite wazee wawili na amfunge kamba yule jike.

Tulipofika, mjomba alikuwa na shuka lake jipya begani, na wazee wako kwenye vigoda. Mgeni akawasalimia wote. Mjomba alimzunguka akimtazama, akaniambia kwa Kigogo kwamba huyu ni mtoto wa kaka wa mama yako, ni mtani wako kabisa, mbona humtanii? Mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba kwetu ni watani, wanatukanana wanavyotaka na hakuna anayekasirika.

"Utani ni wa ndugu," nikamjibu. "Huyu bado sijui ni nani. Ndicho kilichotuleta."

Nikachukua kamba ya yule jike nikaiweka mkononi mwa mgeni. Yeye akacheka, akaipokea, akasema asante. Alifikiri ni zawadi. Akamgusa yule ng'ombe shingoni.

"Mwambie si zawadi," nikasema. "Mwambie huyu ni wa uzao wa yule wa majivu aliye kwenye barua. Kama bibi yangu alikuwa mwanamke mwenyeji tu, basi hakuna mahari iliyotolewa, na hawa ng'ombe waliibiwa kweli, na mali ya wizi hurudishwa kwa mwenyewe. Amchukue. Leo. Aondoke naye, na aondoke na kistari na kapera na barua yake, tusidaiane."

Mjukuu akatafsiri. Kicheko kikamkauka yule mwanamke.

"Atamweka wapi?" mzee mmoja akauliza.

"Kiti cha mbele," mjomba akasema. "Nyuma anatapika."

Wazee wakacheka. Mimi sikucheka. Ng'ombe naye hakuwa na muda wa kusubiri, aliona majani kule, akavuta. Mgeni akaburutwa hatua tatu, viatu vyake vya milimani vikazama kwenye samadi mpaka kwenye kamba za kiatu, lakini hakuachia. Hilo nalisema kwa sababu ni haki yake. Hakuachia. Alisimama pale, jua la saa sita kichwani, amemshika ng'ombe, anatutazama mmoja mmoja. Kisha akamuuliza mjukuu wangu kitu.

"Anauliza, akimrudisha kwa mjomba, itakuwa na maana gani?"

"Mwambie wewe," nikamjibu. "Unajua."

"Sijui vizuri, bibi."

"Unajua. Tangu mtoto umenisikia. Mwambie."

Mjukuu wangu akapanguza mikono kwenye sketi yake. Akaanza kueleza kwa hicho Kijerumani chake cha jioni, anatafuta maneno, anarudi nyuma, anaonyesha kwa mikono. Sikuelewa neno lakini nilielewa anachosema, kwa sababu alikuwa anamwonyesha zizi, halafu mjomba, halafu mimi, halafu upande wa reli. Alimweleza kwamba akimkabidhi mjomba kamba hiyo mbele ya wazee hawa, atakuwa amesema kwa niaba ya babu yake kwamba ng'ombe walitolewa, hawakuibiwa. Kwamba bibi alikuwa mke. Kwamba hapa ndivyo hati inavyosainiwa.

Yule mwanamke alisimama muda mrefu. Nilimwona anafikiria wenzake huko kwao, na kitabu, na ile hadithi ya kitandani. Si jambo dogo kumwita babu yako mwongo, hata mimi naelewa. Kisha akamvuta ng'ombe, akamfuata mjomba mpaka aliposimama, na akampa kamba kwa mikono miwili. Hakuna aliyemfundisha mikono miwili.

Mjomba akapokea. Wazee wakaitikia.

Hapo ndipo akafungua begi akatoa kalamu na yale makaratasi ya kitabu, ambayo yalikuwa bado hayajapigwa chapa. Akaniuliza jina la bibi yangu.

"Kwanza andika mke," nikasema. "Nione."

Akaandika. Mjukuu akanisomea. Nikamwambia asome tena. Ndipo nikataja jina la bibi yangu, herufi moja moja, polepole, nikiangalia kalamu. Kwenye herufi ya nne alitaka kuandika wanavyotamka kwao, nikamgonga kiganja. Akafuta, akaandika yetu.

Kitabu kilikuja mwaka huu kwa posta. Kizito, jalada gumu, kina picha ya lile sanduku. Mjukuu alinifungulia ukurasa. Yupo. Mke wa kwanza, na jina lake limeandikwa sawasawa, na chini yake mama yangu, na chini yake mimi na ndugu zangu.

Kisha nikauliza barua iko wapi.

Barua nayo imo, kurasa mbili nzima, kwa herufi kubwa, na neno lile la wizi limo. Chini kabisa wameweka maelezo kwamba kwa mujibu wa familia ya Tanzania ng'ombe hao walikuwa mahari. Maandishi yenyewe ni madogo, mpaka mjukuu akayakuza kwa simu ndiyo akayasoma. Kwa mujibu wa familia. Mwashi alipodanganya hawakuandika kwa mujibu wake.

Hasira ikanipanda upya. Mjukuu akampigia yule mwanamke kwa video, nikamwona usoni, amekaa jikoni kwake.

"Mwambie maandishi yake ni madogo kama roho ya babu yake."

Mjukuu akasita, kisha akatafsiri bila kupunguza. Siku hizi hapunguzi tena. Mgeni akajibu neno fupi, na mjukuu akaangua kicheko mpaka akaziba mdomo.

"Kasema nini?"

"Kasema, ni babu yako na wewe."

Nikakata simu. Ana haki ya kunijibu hivyo, na hilo ndilo lililoniudhi.

Nikamwambia mjukuu alete kalamu, ya wino usiofutika. Kando ya ile barua pana nafasi nyeupe, wazungu huacha nafasi nyingi. Nikamwambia asome, mimi nishike kalamu. Akaniuliza asome nini, na mimi nimeshika kitabu.

"Ng'ombe," nikasema. "Ukikosea unarudi mwanzo."

Akakaa sawasawa kwenye mkeka. Jike mweusi mwenye paji jeupe, akasema, alichukua baba yake bibi. Nikaandika. Kwenye yule wa madoadoa alimsahau aliyempokea, nikamrudisha mwanzo, na tukaenda tena mpaka kwa dume mweupe. Hapo niliongeza kwa herufi kubwa kuliko zote: NA YEYE ALIKULA.